Mama Radi Apewe Sauti Yake

Kware, Pipeline
Jumatatu, 4 Mei 2026

Kaka Thuo Sauti-Tisa,

Salamu nyingi. Kila muvi yako ikiisha unasema, "Aliye na neno aandike barua, ampe aliyemuuzia." Mimi nina neno. Barua hii nampa Patrobas, anayeuza muvi zako hapa chini ya jengo letu, na nimemwambia akiipoteza asije tena kununua mahamri kwangu.

Jina langu Ruqaiya, wengi huniita Mama Abrar. Nakaa ghorofa ya sita. Alfajiri napika mahamri na mbaazi nauza mlangoni mwa jengo, kisha napandisha maji, kisha nafua. Mchana Zaid, huyu mdogo, akilala, mimi na Abrar na mama mkwe wangu tunatazama muvi za kizungu ulizozitia Kiswahili. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nimesikia Walinzi Saba inakuja, na wewe utaisimulia papo kwa papo pale ukumbini Dandora, Jumamosi ya baada ya Idi. Kaka, tangu nisikie sijatulia! Jana nimeunguza karai zima la mahamri nikimweleza mteja habari zake. Mashujaa wote ndani ya muvi moja! Jabali, Kinyonga, Mvuke, wale Pacha, Mama Radi wangu, na huyo wa saba ambaye kwenye tangazo wamemficha uso. Abrar anasema wa saba ni paka. Ana miaka mitano, usimcheke, huenda anajua.

Sasa maombi yangu, ninavyoyakumbuka.

Jabali aombe msamaha. Muvi iliyopita alivunja daraja akaenda zake, watu wakabaki ng'ambo na watoto mgongoni. Mwili wake ni wa mawe, sawa, lakini mdomo si wa mawe. Pacha wasitenganishwe, nitazima. Kinyonga apunguze mzaha, hasa mtu akiwa anakata roho. Huyo wa saba asiwe mtoto wa mfalme, hao wametosha.

Halafu wale chakula. Mji umeokolewa mara nne mbele ya macho yangu na sijaona mtu akimeza hata tonge. Nani anawapikia? Wakae chini wale, hata ugali na sukuma. Hapo ndipo nitaamini ni kikosi, maana watu huwajui mpaka uone nani anampisha nani kwenye sahani.

Sasa Mama Radi. Kwanza mwondolee ile sauti. Una sauti tisa na zote nzuri, lakini ya mwanamke ni ya panya aliyebanwa na mlango. Mwanamke anayekamata radi kwa mkono hawezi kusema "wuuui jamani".

Pili, mtoto wake. Katika muvi yake ya kwanza ulisema amemwacha kwa jirani, na kila akitazama kile kidude cha mkononi anatazama saa, maziwa yamejaa, anataka vita viishe arudi akanyonyeshe. Niliposikia hivyo nilisimamisha muvi. Nililia kidogo, nikacheka, nikairudisha nyuma nisikie tena. Sikuwahi kujua kwamba shujaa naye anaweza kupigana huku kifua kinamuuma. Kwa hiyo katika Walinzi Saba mtoto huyo asisahauliwe. Kikosi kikimwita mama yake, yeye yuko na nani?

Ni hayo. Zaid ameamka.

Ruqaiya, Mama Abrar


Dandora
Ijumaa, 8 Mei 2026

Mama Abrar, sasa!

Barua imefika na doa la mafuta kwenye pembe. Niliinusa kabla sijaisoma. Mashabiki wengine wote wanataka kujua nani atampiga nani. Wewe peke yako umeuliza nani anapika.

Kuhusu ile sauti: nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya vijana wa hapa kazini, na tangu jana hakuna anayeniita Thuo. Ni "Panya, kuja hapa," "Panya, umekula?" Asante sana, dada.

Sasa kaa chini nikwambie. Yule mtoto hayuko. Kwenye muvi yenyewe Mama Radi hana mtoto, hana jirani, hana maziwa. Chumba changu cha kurekodia ni cha mabati, nimekipigilia magodoro ukutani kuzuia kelele. Siku ile Mama Radi anainua mkono, mtoto wa nyumba ya pili akaangua kilio, na kikaingia chote kwenye maikrofoni. Patrobas alikuwa ameshafika mlangoni kuchukua mzigo. Kurudia saa ngapi? Nikasema pale pale, "Mnamsikia? Huyo ni mtoto wake, amemwacha kwa jirani!" Na kile kidude cha mkononi ni mtambo wa kunusa maadui. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wasimulizi. Kitu kikiingia bila kualikwa, unakipa ukoo.

Kwa hiyo ombi lako hilo limenibana. Waliotengeneza muvi hawamjui huyo mtoto. Hayo mengine, tungoje tuone wamefanya nini.

Thuo (Panya)


Kware
Jumatatu, 11 Mei 2026

Kaka Thuo,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nilikasirika mpaka nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nimemwambia mama mkwe wangu, Bi Fatu. Akasema, "Mimi nilijua. Mwanamke anayenyonyesha haruki namna ile." Basi yeye alijua, mimi ndiye mjinga. Lakini Abrar sijamwambia. Akila anauliza, "Na mtoto wa Mama Radi amekula?" Kathini, jirani yangu wa ghorofa ya nne, mwezi uliopita alirudi kazini viwandani akamwachia dada yake mtoto wa miezi mitatu. Alishuka ngazi anajifuta macho. Nikamwambia, "Hata Mama Radi ameacha wake." Akacheka, akaenda kazini. Sasa nishuke nikamwambie kilikuwa kilio cha nyumba ya pili?

Hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kusema ni paka. Lakini ukishamtaja mtoto mbele za watu, humrudishi ulikomtoa. Umemwacha kwa jirani muvi mbili nzima na sisi ndio tumekuwa tukimfikiria.

Nakwambia kwa upole, kama kaka yangu, lakini nakwambia. Mtoto abaki.

Ruqaiya


Dandora
Jumamosi, 16 Mei 2026

Mama Abrar!

NIMEIONA! Leo mchana, huko mjini, kwenye sinema ya viti vya sponji. Lazima msimulizi aione kabla, aijue vizuri.

Jabali anaomba msamaha! Anapiga goti, na goti linapasua lami. Pacha wako pamoja mpaka mwisho. Na wanakula, dada, wanakula! Wamekaa juu ya paa, wamechoka, wanakula kitu kama chapati, na Kinyonga anamega kipande chake anamwekea Mvuke bila kusema kitu. Nilipiga ukelele, jamaa wa mbele akageuka kunitazama. Nikamwambia, "Kuna mtu Kware aliomba hii." Akahama kiti. Wa saba si paka, mwambie Abrar pole.

Sasa nisikilize. Mwishoni adui yao, Sultani wa Vumbi, anauzingira mji kwa ukuta wa vumbi. Mama Radi anaufungua mlango mmoja kwa radi yake, anaushikilia watu watoke. Wanatoka wote, na wenzake wote. Akiuachia unamfunika. Anatazama mkono wake. Halafu hasemi kitu. Muziki umezimwa, uso wake umejaa ukuta mzima, na hasemi, muda mrefu mpaka nikasikia watu wakijisogeza kwenye viti. Kisha mwanga mweupe, na muvi imeisha. Hawasemi kama amekufa. Hawasemi kama amepona.

Wasimulizi wenzangu pale watajaza vituko. Na mimi nilitaka hivyo hivyo, nimezoea. Nikajaribu sauti zangu zote tisa kichwani, moja moja. Hakuna inayofaa.

Njoo wewe. Nitaweka maikrofoni ya pili. Uwe Mama Radi tangu mwanzo mpaka pale kwenye mlango. Unataka mtoto abaki? Mimi sitaweza kumbakisha. Wewe utaweza. Ukumbi mzima utakuwa pale, na hakuna msimulizi wa Eastlands aliyewahi kumweka mwanamke aseme maneno ya mwanamke. Tutakuwa wa kwanza!

Nijibu upesi, nichapishe bango.

Thuo


Kware
Jumatatu, 18 Mei 2026

Kaka Thuo,

Asante kwa kunifikiria. Siwezi.

Nina mtoto wa mgongoni, mume wangu yuko njiani na lori, na hapa nyumbani nina mtu mzima wa kumheshimu. Jengo hili lina macho kwenye kila ngazi. Mtafute mwingine, na nakuomba asiwe panya.

Nakutakia heri.

Ruqaiya


Kware
Jumatano, 20 Mei 2026

Kwa mwanangu Thuo,

Assalamu alaykum. Mimi ni Fatu binti Ubaid, mama yake Idarusi, na Ruqaiya ni mkaza mwanangu. Hatujaonana, ila sauti yako naijua, maana unaingia sebuleni mwangu kila mchana bila kupiga hodi.

Jana Patrobas, ambaye mdomo wake hauna mlango, alisimama kwenye ngazi akapaaza: "Mama Abrar! Ni kweli umekataa kuwa Mama Radi?" Nikatoka. Nikamwuliza Ruqaiya hilo ni jambo gani. Akainama, akasema, "Nilijua hutakubali, mama, kwa hiyo sikukusumbua."

Alijua! Mimi sikuulizwa. Jambo limekataliwa kwa mdomo wangu mwenyewe na mdomo wenyewe ulikuwa hapa, unatafuna tambuu, hauna habari. Nimemwambia, "Mwanangu, nikitaka kukataa nitakataa mwenyewe. Nina sauti ya kutosha." Ndipo akaniambia yote, na alipokuwa akiniambia uso wake ulikuwa wa siku aliyoletwa kwetu bibi harusi. Miaka sita sijauona uso ule. Maji ya ghorofa sita yameula.

Basi nikampigia Idarusi. Yuko Moyale na lori lake. Kasema, "Mama, ukiwa naye mimi sina neno. Mnirekodie nisikie." Kwa hiyo atakuja, na mimi nitakuja, nitakaa mbele kabisa na Abrar.

Ila nami nina ombi langu. Huyo Sultani wa Vumbi, katika muvi iliyopita ulimpa Kiswahili cha mlevi. "Mafala nyinyi, leo mtanitambua." Sultani gani huyo? Sultani hajipambi kwa matusi. Huonya kwanza, tena kwa adabu, mpaka mtu ajute kuzaliwa, kisha ndipo amalize kazi. Hebu mfanye aseme hivi: "Nimewapa muda wa kuondoka na mkaudhani ni udhaifu. Haya, ketini. Sitakuwa na haraka nanyi." Usibadilishe hata neno.

Mama yako,
Fatu binti Ubaid


Dandora
Alhamisi, 21 Mei 2026

Shikamoo Bi Fatu,

Nimesoma maneno ya Sultani mbele ya vijana. Mmoja aliomba radhi na hakuwa amekosa. Sitabadilisha hata nukta.

Mwambie Mama Abrar bango lilishachapishwa tangu Jumapili, kabla hajakataa. Liko ukutani, maandishi mekundu: MAMA RADI KWA SAUTI YAKE MWENYEWE. Nilikuwa naogopa kusema.

Mtoto wako,
Thuo


Kware
Ijumaa, 22 Mei 2026

Kaka Thuo,

Kumbe ulichapisha! Nisingeghairi je? Ungelia mwenyewe "wuuui jamani" mbele ya watu?

Haya, nakuja. Lakini sikiliza masharti, na haya si ya kupunguziwa. Zaid atakuwa mgongoni mwangu. Akitaka kunyonya atanyonya, na wewe utamwongezea Sultani hotuba mpaka amalize. Kati yangu na watu kuwe na pazia, sitaki kutazamwa nikisema. Hakuna matusi kwenye kinywa cha Mama Radi wala cha mtu anayezungumza naye. Muvi ikiisha naondoka, nisichelewe kurudi na watoto.

La mwisho ni lile la mlangoni. Usiniandikie maneno. Mimi mwenyewe sijui nitasema nini. Nimejaribu nikifua, nimejaribu nikikanda unga. Nilianza, "Ewe mwanangu, ulimwengu wahitaji ushujaa wangu..." Bi Fatu akatoa kichwa jikoni akauliza, "Nani amefungulia redio?"

Kaka, naogopa mpaka naona raha. Nimepanda ngazi leo na mitungi miwili na sikuhesabu ghorofa. Nilipoutafuta mlango wangu nilikuwa nimeupita, niko ya saba.

Ruqaiya


Dandora
Jumapili, 31 Mei 2026

Mama Abrar,

Mbona ulikimbia? Nilivua vile vya masikioni, nikageuka nikupe mkono, nikakuta kiti kitupu na kijitambaa cha Zaid.

Nianzie wapi! Hawakuwa na pa kukaa. Wengine walisimama juu ya makreti ya soda. Ulipofungua mdomo mara ya kwanza, "Jabali, sogea, hiyo ni kazi yangu," nilisikia benchi za nyuma zikisema "Eeee!" kama timu imefunga bao. Na Sultani wa Bi Fatu! Leo asubuhi nimepishana na mwenye toroli la maji, gari limemzuilia njia, anamwambia dereva, "Nimekupa muda wa kuondoka na ukaudhani ni udhaifu." Dereva aliondoka.

Lakini kuna kitu kinanitafuna, na wewe tu ndiye utakayenijibu.

Pale mlangoni ulinyamaza mpaka nikadhani umezimia. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, tayari niingie na kichekesho nikuokoe. Ndipo ukasema, si kwa sauti ya shujaa, kwa sauti ya mtu anayetafuta kiatu cha pili: "Uji uko kwenye thamosi. Mdogo wako akiamka mpe kwa kijiko, usimpe chupa. Jiko usilisogelee. Mtu akibisha, usifungue mpaka usikie ni mimi. Ukisikia kelele huko nje, ni kazi tu, usiogope. Haya, mama, nakwenda." Kisha ule mwanga mweupe.

Dada, mimi nilifunika uso. Nilisikia watu wanavuta kamasi, wanaume kwa wanawake. Nikasema moyoni, tumefika.

Halafu wakacheka! Ukumbi mzima, kicheko kikubwa, pale pale pa kulia. Sikuona kitu, maana pazia lako lilituziba sote wawili. Baadaye walipiga makofi, walikanyaga sakafu, na mwenye ukumbi ameniambia turudie Jumamosi. Lakini sijui walicheka nini. Je, nilibonyeza kitufe kibaya? Kulikuwa na kitu kwenye ukuta wa picha? Kama walimcheka Mama Radi, mimi sirudii, waache waje na mawe.

Niambie ukweli.

Thuo


Kware
Jumatatu, 1 Juni 2026

Kaka Thuo,

Hukubonyeza kitu kibaya.

Sikukimbia. Zaid alinilowesha mpaka kiunoni, na sharti langu lilikuwa muvi ikiisha naondoka. Lakini na mimi kicheko kile nilikisikia nikiwa mlango wa nyuma. Nilisimama pale nje kwenye matope nikisema, Ruqaiya, nani alikutuma? Umekuja kuwaambia watu habari za uji. Yale maneno, kaka, sikuyatunga. Nilitazama uso wake mkubwa ule, amechoka, anataka kwenda na hataki kwenda, nikajikuta nasema ninayomwambia Abrar alfajiri nikishika karai kushuka chini, Bi Fatu bado amelala. Sikujua kwamba ninayajua kwa moyo.

Idarusi amesikiliza rekodi huko Moyale, yeye na madereva wenzake, simu imewekwa juu ya boneti. Amesema tu, "Kumbe ndivyo unavyotoka." Anafika Alhamisi. Jumamosi anataka kukaa mbele. Kathini naye amesema anakuja na mtoto na dada yake. Kwa hiyo mwambie mwenye ukumbi nakuja, masharti ni yale yale, na pazia libaki.

Sasa kicheko. Nimesimuliwa na Bi Fatu, alinikuta pale kwenye matope akanishika mkono.

Mwanga mweupe ulipowaka, mstari wote wa mbele walikuwa wanalia. Jamaa mmoja mkubwa, wa kubeba magunia, alikuwa amejifunika kofia usoni. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, amekufa, na yule mtoto amebaki peke yake na mdogo wake!" Hapo kilio kikazidi.

Abrar akapanda juu ya benchi. Bi Fatu akamvuta gauni, hakushuka. Akawageukia watu wote wale, mikono kiunoni, akawakaripia kwa ile sauti ninayomkaripia yeye:

"Nyinyi mnalia nini? Kila siku anasema hivyo hivyo. Na huwa anarudi."

Ruqaiya